Jehanamu kwa Bei Chee

Mwanamume amefungwa kwenye kiti, katika chumba cha nyumba iliyochakaa. Upande wa pili wa meza ameketi karani ambaye uso wake wote umechanjwa. Mbele ya karani kuna taipureta ya zamani. Anamuuliza mgeni wake dhambi zake, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu, na wino wa mashine yake ni damu. Kurasa zikijaa zinapelekwa chumba cha pili, ambako jitu nene linazitafuna na kuzitapika, na matapishi yale yanapapaswa na wanawake watatu ambao ndio watoao hukumu. Anayepiga kelele ni mshtakiwa peke yake. Wengine wote wako kazini.

Hizo ni dakika za mwanzo za Hellraiser: Judgment, filamu ya kumi katika mfululizo ulioanza mwaka 1987. Iliandikwa na kuongozwa na Gary J. Tunnicliffe, Mwingereza aliyeufahamu mfululizo huu kwa mikono yake kabla ya kuufahamu kwa kalamu: tangu filamu ya tatu, ya mwaka 1992, alikuwa miongoni mwa mafundi wa ngozi bandia na majeraha. Judgment ilipigwa Oklahoma kwa takriban dola 350,000, na Februari 2018 ikaingia sokoni moja kwa moja, kwa diski na mtandaoni, bila kupita kwenye majumba ya sinema. Kwa viwango vya mwaka ule hizo ni karibu shilingi milioni 780 za Tanzania. Mtayarishaji wa Dar es Salaam akikabidhiwa fungu hilo atatoa filamu kadhaa na chenji ibaki. Hollywood, fungu hilo linaweza kuishia kwenye chakula cha wafanyakazi wa filamu moja kubwa.

Sasa filamu ya namna hii huhukumiwaje?

Wapo wanaoidharau kabla hawajaitazama. Ni ya kumi, ni ya bei chee, haikuonyeshwa sinema, basi ni takataka. Wapo pia wanaoihurumia: kwa fedha zile, wanasema, jamaa kajitahidi. Makundi haya mawili hugombana kila filamu kama hii inapotoka, na mimi nayaona yanafanya kosa moja, kwa sababu yote yanakagua pochi na kuiacha filamu. Mwenye dharau anamwadhibu maskini kwa umaskini wake, na mwenye huruma anamsamehe kwa sababu hiyohiyo. Kuna kundi la tatu, la wapenzi wa tangu zamani, ambao kipimo chao ni uaminifu: je, filamu hii imefuata ile ya kwanza? Hilo nitalirudia, maana ndilo linaloonekana la busara kuliko yote, na ndilo linalovunjika haraka zaidi ukiziweka filamu zenyewe mezani.

Kipimo changu nimekitoa kwenye shughuli za mtaani. Mwenye harusi asiye na fedha huwa anachagua. Turubai litakuwa la kuazima, viti vya plastiki, muziki wa spika ya jirani, lakini pilau itiwe nyama. Wageni wataondoka wakisifu. Akigeuza mambo, akakodi ukumbi wenye mapazia na taa za rangi kisha akawalisha watu wali mkavu, atasemwa mpaka mjukuu wake aolewe. Filamu ya fedha kidogo haikosi pengo. Ninachokiangalia ni pengo limeangukia wapi: kwenye viti, au kwenye pilau?

Kwa hiyo lazima kwanza tujue pilau ya Hellraiser ni nini, na hapo hatuna budi kurudi kwa Clive Barker.

Barker ni mwandishi wa Liverpool. Miaka ya katikati ya 1980 filamu mbili, Underworld na Rawhead Rex, zilitengenezwa kutokana na maandishi yake, naye hakuridhika hata na moja. Akaamua ya tatu aiongoze mwenyewe, ingawa hakuwa amewahi kuongoza filamu ndefu. Akachukua riwaya yake fupi, The Hellbound Heart ya mwaka 1986, na kampuni ya New World ikampa kama dola milioni moja. Hata kwa wakati ule fedha hizo zilikuwa ndogo. Karibu filamu nzima inakaa ndani ya nyumba moja ya London. Frank, mwanamume aliyechoshwa na starehe zote za kawaida, ananunua kisanduku cha fumbo kinachosemekana kufungua mlango wa starehe zisizo na mpaka. Anakifungua na kuchanwa kwa minyororo yenye kulabu. Baadaye kaka yake, Larry, anahamia nyumba ileile na mkewe Julia, ambaye aliwahi kulala na Frank. Larry anajikata mkono kwa msumari, damu inadondoka sakafuni, na chini ya mbao mabaki ya Frank yanaanza kuota mwili upya. Julia anaanza kuleta wanaume nyumbani, mmoja mmoja, na kuwapiga nyundo ili mpenzi wake apate nyama.

Hebu tazama ni kitu gani kinachotisha hapo. Yule Pinhead mwenye misumari iliyopangwa kichwani, aliyechezwa na Doug Bradley na ambaye leo sura yake iko kwenye fulana, anaonekana kwa dakika chache tu. Kwenye orodha ya wahusika ya filamu ile hata jina hilo hana. Anayetisha ni Julia na nyundo yake. Kinachotisha ni tamaa ndani ya nyumba ya familia, na kwamba kisanduku hakimfuati mtu: mtu ndiye hukitafuta. Masenobaiti, yale majitu yenye mavazi ya ngozi nyeusi yanayotokea kisanduku kikifunguka, Pinhead akiwemo, yanakuja kwa sababu yameitwa. Pilau ndiyo hiyo: mwili, tamaa, na mtu aliyejialika mwenyewe.

Na viti vya plastiki havikukosekana. Kufikia mwisho wa kazi fedha zilikuwa zimekwisha, hata cheche za mwanga za dakika za mwisho, wakati Kirsty binti Larry anayarudisha majitu kwao, zilichorwa kwa mkono na Barker mwenyewe na mwenzake. Zinaonekana hivyo hasa, kama michoro ya mwanafunzi. Hakuna anayezikumbuka kwa ubaya. Filamu ile iliingiza zaidi ya dola milioni 14 Marekani peke yake, na watengenezaji wakaona wamepata shamba.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ya pili, ya 1988, bado ilikuwa na ladha, na wapo wanaoipenda kuliko ya kwanza. Ya tatu, 1992, ilimgeuza Pinhead kuwa muuaji wa kuchekesha watu kwenye klabu ya usiku. Ya nne, 1996, ilitaka kueleza ukoo wa fundi aliyetengeneza kisanduku, kutoka Ufaransa ya karne ya 18 mpaka chombo cha anga cha karne ya 22, na ikakatwakatwa na wakubwa kiasi kwamba mwongozaji wake, Kevin Yagher, aliondoa jina lake. Kwenye filamu limeandikwa jina la bandia, Alan Smithee, ambalo waongozaji wa Marekani walikuwa wakilitumia kukana kazi. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho kufika majumba ya sinema ya Marekani kwa ukamilifu. Kuanzia hapo mfululizo ukawa wa kaseti na diski, chini ya kampuni ya Dimension.

Biashara ile inastahili kuelezwa, maana bila kuielewa mtu atadhani filamu hizi zilitengenezwa na wapumbavu. Hazikutengenezwa na wapumbavu. Duka la kukodi kanda lilikuwa na rafu, na kwenye rafu mteja ana sekunde chache za kuchagua. Jina analolijua pamoja na picha ya uso wenye misumari vinatosha kumfanya anyooshe mkono. Ndani ya kasha mnaweza kuwa na hadithi yoyote. Ndivyo ilivyotokea kwamba muswada wa Deader, uliokuwa umeandikwa na Neal Marshall Stevens kama hadithi inayojitegemea, uligeuzwa kuwa Hellraiser kwa kutiwa kisanduku na kumwingiza Pinhead. Ilipigwa Romania sambamba na Hellworld, inayohusu vijana wanaocheza mchezo wa mtandaoni wa Hellraiser, na zote mbili zikatoka 2005 chini ya mwongozaji mmoja, Rick Bota. Ukiitazama Hellworld leo utashtuka kumwona Henry Cavill, kijana mbichi, miaka minane kabla hajavaa joho la Superman.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuchanganyikiwa kidogo hapa, kwa sababu sisi "part two" tumeizoea kwa namna nyingine. Katika soko la filamu za Bongo, sehemu ya pili mara nyingi ilikuwa nusu ya filamu ileile, iliyokatwa ili mnunuzi anunue diski mbili badala ya moja. Ilikera, lakini angalau ilikuwa hadithi ileile na watu walewale. Kwa Hellraiser, ya tano haikuwa na haja na ya nne, na ya saba ingeweza kuwekwa kabla ya ya sita bila mtu kugundua. Zingefaa sana kwenye vibanda umiza, ambako hadithi hasa ilikuwa mdomoni mwa mtafsiri. Kuna nyakati, nikiitazama Hellworld, nimetamani mtafsiri DJ Afro awepo pembeni aokoe jahazi.

Lakini katika kundi hilo imo moja inayovuruga hesabu za wenye dharau: Inferno, ya tano, ya mwaka 2000. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Scott Derrickson, ambaye baadaye aliongoza Sinister na Doctor Strange. Inamhusu askari mpelelezi mla rushwa, mzinzi, mlevi wa kokeini, anayekifungua kisanduku katika chumba cha kahaba na tangu hapo maisha yake yanaanza kumzunguka kama ndoto isiyokwisha. Pinhead anaonekana kidogo mno. Wapenzi wengi wa mfululizo walikasirika, wakisema hii si Hellraiser. Kwa kipimo cha uaminifu wako sawa. Lakini ndiyo iliyokumbuka kwamba mlango hufunguliwa na aliye nje. Yule askari alijialika.

Weka kando yake filamu ya tisa, Revelations, ya 2011. Hiyo ina kila kitu ambacho mpenzi wa uaminifu angedai. Ina nyumba ya familia. Ina vijana wawili waliokwenda Mexico kutafuta starehe na wakapewa kisanduku. Ina mtu asiye na ngozi anayehitaji damu ili arudi, ina ngozi ya mtu mmoja inayovaliwa na mwingine. Kihadithi iko karibu na ya kwanza kuliko zote zilizotoka baada ya 1988. Na ni mbaya kuliko zote. Kwa hiyo uaminifu si kipimo. Mtu anaweza kufuata mapishi ya bibi yake neno kwa neno na bado akaunguza chungu.

Kwa nini iliunguzwa? Kwa sababu mpishi aliambiwa muda ni mfupi na hakuna atakayekula. Dimension ilikuwa na haki ya kutengeneza filamu za Hellraiser kwa sharti la kuendelea kuzitengeneza. Muda ukipita bila filamu, haki zinaondoka. Wakati huo kulikuwa na mipango ya kuanza upya kwa filamu kubwa, na mipango ile ilikuwa inachelewa. Basi ikapigwa Revelations, kwa wiki chache na kama dola 300,000. Mwenzetu yeyote mwenye kiwanja nje ya mji anaijua mbinu hii. Unamwaga tripu moja ya mchanga, unapanga tofali mia, unainua kona moja ya msingi, ili asije mtu akasema kiwanja hakijaendelezwa. Hukusudii kulala pale. Doug Bradley, aliyemcheza Pinhead katika filamu nane kwa miaka 18, alipoletewa kazi hiyo aliikataa, na nafasi yake wakampa mwigizaji mwingine ambaye hata sauti iliyosikika haikuwa yake. Barker alijitenga nayo hadharani kwa maneno makali ambayo sitayaandika hapa.

Aliyeandika muswada wa Revelations ni Gary J. Tunnicliffe. Ndiyo, yuleyule. Na hapa ndipo Judgment inapokuwa kesi ya kuvutia, kwa sababu nayo ilikuwa ya kulinda kiwanja. Sharti lilikuwa lilelile, fedha karibu zilezile, muda wa kupiga picha ulikuwa wiki tatu. Tofauti ni kwamba safari hii fundi aliyeitwa kupanga tofali alikuwa na ramani ya nyumba mfukoni kwa miaka, akaamua kujenga chumba kimoja cha kweli.

Chumba hicho ndicho kile cha taipureta. Filamu inaanza na Pinhead akizungumza na karani, ambaye nitamwita Mkaguzi. Wanakubaliana kwamba kisanduku kimepitwa na wakati. Binadamu wa leo anayo mashine za kumridhisha mfukoni, haji tena kutafuta mafumbo ya mbao. Inabidi ofisi ibuni njia nyingine. Basi watu wanaalikwa kwenye nyumba fulani, wanahojiwa, kumbukumbu zinaandikwa, Mtathmini, lile jitu nene, anazila kurasa, Baraza la wale wanawake watatu linahukumu, wanakuja wasafishaji, na mwisho mchinjaji na tabibu. Kila mmoja na kitengo chake. Mkaguzi anachezwa na Tunnicliffe mwenyewe, na anachezwa vizuri ajabu: mpole, mchovu, mwenye adabu, mtu ambaye amewasikia wauaji wengi mno kiasi kwamba hakuna jipya linaloweza kumfanya anyanyue kichwa kutoka kwenye karatasi.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi akisubiri faili lake litoke chumba namba nne liende chumba namba saba ataelewa kwa nini hilo linatisha. Na sisi tuliolelewa tukiambiwa kwamba mabegani mwetu kuna malaika wawili, mmoja anaandika mema na mwingine mabaya, tunaitazama taipureta ile kwa namna ambayo sidhani Tunnicliffe aliitarajia. Tofauti ni kwamba waandishi wale tuliofundishwa hawakosei wala hawachoki. Huyu wa Oklahoma ana uchovu wa mtumishi aliyekaa kwenye meza moja muda mrefu mno, na uchovu huo ndio unaotia ubaridi.

Gharama yake? Nyumba moja chakavu, meza, mashine ya kuandikia, waigizaji wachache, na kazi ya ngozi bandia, yaani kitu kimoja ambacho mwongozaji huyu anakijua kuliko watu wengi duniani. Hapo kila dola imekwenda mahali pa haki. Picha ni za kuchefua, sitaficha, na baadhi zimevuka mpaka wa lazima, lakini zinatokana na wazo. Ukizitoa, wazo linakufa.

Halafu Mkaguzi anaondoka kwenye skrini, wanaingia mapolisi.

Ndugu wawili wapelelezi, Sean na David Carter, pamoja na mwenzao Christine Egerton, wanamsaka muuaji anayeua watu kwa kufuata Amri Kumi. Aliyeiona Se7en ya David Fincher ya mwaka 1995, yenye muuaji wa dhambi saba, ameshaijua njia nzima pamoja na mashimo yake. Hadithi ya upelelezi ni ghali kuliko inavyodhaniwa. Inahitaji jiji, barabara, ofisi yenye watu, mashahidi wenye nyuso tofauti, mvua kama unayo. Judgment haina hata kimoja. Jiji lake linaonekana kuwa na wakazi wasiozidi kumi, mapolisi wanatembea gizani wakimulika kuta kwa tochi ili tusione kwamba hakuna kitu cha kuona, na rangi ya picha imekolezwa ukahawia mpaka kila chumba kinafanana na kingine. Heather Langenkamp, aliyekuwa Nancy wa A Nightmare on Elm Street mwaka 1984, anatokea kama mwenye nyumba ya kupangisha, anafungua mlango na kwenda zake. Jina lake linapendeza kwenye kasha.

Hiki ndicho kipande ambacho wenye huruma wanakisamehe kwa sababu ya fedha, nami nakataa. Fedha hazikumlazimisha Tunnicliffe aandike upelelezi. Alikuwa na nyumba, meza na Mkaguzi. Angeweza kukaa mle ndani saa nzima, mshtakiwa baada ya mshtakiwa, na filamu ingegharimu pungufu. Alichofanya ni kukodi ukumbi wenye mapazia.

Kuna lawama nyingine, ya wapenzi wa Barker, ambayo ina uzito zaidi. Jehanamu ya Barker haikuwa mahakama. Masenobaiti hayakujali kama umeiba au umezini. Yalijali kama umekifungua kisanduku. Kwenye Judgment yamekuwa watumishi wa haki, yanawaadhibu wadhambi, na juu yao kuna mbingu yenye malaika, Jophiel, anayeshuka kutoa maagizo. Ni kweli kwamba hili linabomoa msingi. Aliyejialika amegeuzwa kuwa aliyeitwa kwa barua. Mimi lingenikera zaidi kama Tunnicliffe asingelipeleka mpaka mwisho wake. Lakini amelipeleka, na ambaye hajaiona filamu na angependa kushtukizwa aruke aya inayofuata.

Sean, mpelelezi, ndiye muuaji. Mkaguzi anapomhoji, Jophiel anaingilia na kuamuru aachiwe: mbingu inamhitaji, kwa sababu mauaji yake yanawatia watu hofu ya dhambi. Mabishano yanayofuata ni mafupi lakini ni ya maana, kwa kuwa Pinhead ndiye anayeonekana kuwa na maadili katika chumba kile. Mwishowe Pinhead anamuua malaika, na adhabu yake ni kufukuzwa jehanamu. Anaamka mtaani, hana misumari, hana joho, binadamu mchafu asiye na makazi, akilia. Paul T. Taylor, aliyepewa mzigo wa kumrithi Bradley, muda wote alikuwa ametulia kama mkurugenzi asiyehitaji kupaza sauti, na kwa hiyo kilio kile kinauma. Mwisho huo uligharimu nini? Mwanamume mmoja na kichochoro. Katika filamu kumi na moja za mfululizo huu sijaona mwisho wenye ujasiri zaidi baada ya ile ya kwanza.

Wenye kudhani nawapendelea maskini wawatazame maskini wengine. Don Coscarelli alipotengeneza Phantasm IV mwaka 1998 alikuwa na kama dola 650,000, wakati mfululizo wake ulihitaji vita vya ulimwengu mzima. Alichokuwa nacho ni picha zilizoachwa nje ya filamu ya kwanza ya 1979. Akazirudisha. Matokeo yake waigizaji walewale wanaonekana kijana na mtu mzima katika filamu moja, miaka karibu ishirini ikiwa imewapitia usoni bila vipodozi, na filamu inayohusu kifo ikapata kitu ambacho studio tajiri isingeweza kukinunua. Don Mancini naye, kwenye Curse of Chucky ya 2013, ya sita katika mfululizo wa yule mwanasesere muuaji, aliachana na vichekesho vya filamu zilizotangulia, akaifungia hadithi kwenye nyumba moja yenye lifti ya zamani na msichana anayetumia kiti cha magurudumu. Msichana huyo ni Fiona Dourif, binti wa Brad Dourif ambaye ndiye sauti ya mwanasesere tangu 1988. Nayo haikupita sinema. Inatisha kuliko baadhi ya zilizopita.

Na fedha zikipatikana? Mwaka 2022 Hellraiser ilianzishwa upya na David Bruckner, kwa ajili ya Hulu, kwa bajeti ambayo Tunnicliffe asingeiota, huku Jamie Clayton akiwa Pinhead na Barker akiwa miongoni mwa watayarishaji. Ni nzuri. Masenobaiti yake yamechongwa kama vito, ngozi yenyewe ndiyo nguo, na Clayton ana sauti inayoingia mifupani. Pilau ipo pia, ingawa imepungua chumvi: mhusika mkuu anapambana na uraibu, na tamaa imekuwa ugonjwa wa kuhurumiwa badala ya kishawishi. Nimeitazama mara moja na sikupata hamu ya kuirudia, wakati chumba cha taipureta nimekirudia mara nne.

Kama ni kupanga safu, basi naiweka Judgment ya tano kati ya kumi na moja, nyuma ya ile ya 1987, ya 1988, Inferno na ya 2022, na mbali sana mbele ya Revelations inayobaki mkiani. Ni robo tatu ya saa ya filamu mbaya iliyobebwa na nusu saa ya filamu nzuri mno. Atakayeitafuta aitazame dakika ishirini za mwanzo, ateremke mpaka dakika kumi na tano za mwisho, na asiwe ameandaa chakula karibu.